Mabinti wa Wenzangu

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya tano kama tunavyoiita huku kwetu, ninawatoa nje wavulana wa darasa la sita baada ya mapumziko. Ninawapa mafagio na kuwaambia kwamba nikikuta jani moja uwanjani, tutaonana Jumatatu. Wanatoka wakisukumana na kuchekacheka, maana wanajua kuna jambo la wasichana, na mvulana wa miaka kumi na miwili akisikia jambo la wasichana akili yote inamtoka. Kisha ninafunga mlango na kusogeza dawati moja nyuma yake ili upepo wa ziwa usiufungue. Juu ya meza ninapanga vipande vya kitenge kilichozeeka, chupi mbili mpya, kipande cha sabuni na beseni la maji.

Ninaanza kwa kusema kwamba damu hii si ugonjwa. Si jeraha, si laana, na si alama kwamba umelala na mwanamume. Hayo nayasema kwanza, kabla ya kuonyesha namna kitambaa kinavyokunjwa mara tatu, kinavyofuliwa kwa maji baridi na kuanikwa juani, kwa sababu najua msichana anafikiri nini siku ile kama hakuna aliyemwambia. Mimi sikuambiwa.

Nilikulia Fizi, huko juu milimani, mashariki mwa Kongo, binti wa katekista. Kwetu kazi ya kumwambia msichana mambo haya haikuwa ya mama. Ilikuwa ya shangazi, dada wa baba. Mama akifungua kinywa kuhusu damu mbele ya binti yake mwenyewe, wazee walisema, amemvua nguo mtoto wake kwa mkono wake, na heshima haitakaa tena kati yao. Basi msichana akianza kuota matiti, mama anamtuma kwa shangazi yake akiwa amebeba kitenge kipya. Shangazi akikipokea, amepokea kazi. Hakuna anayesema kitu kwa mdomo; kitenge kinatosha.

Sisemi mpango huo ni wa kijinga. Ni mzuri sana kama shangazi yupo. Wangu alikuwa amekimbia vita, amevuka ziwa, anaishi kambini Tanzania, na mama akawa anangoja arudi ndipo anitume kwake. Nilikuwa na miaka kumi na minne damu iliponikuta kwenye shamba la shule, tukipalilia mihogo. Mwenzangu mmoja, ambaye hakujua zaidi yangu ila alikuwa na uso wa mtu anayejua, aliniambia hiyo humtokea msichana aliyeguswa na mwanamume. Mimi sikuwa nimeguswa na mtu. Lakini Jumapili nilikuwa nimesalimiana kwa mkono na mgeni mmoja wa baba, na kwa siku mbili nilimwomba Mungu anisamehe ule mkono.

Asubuhi ya tatu nilikuta juu ya mkeka wangu kitenge cha zamani cha mama, kimekatwa vipande sita, vimekunjwa vizuri. Mama alikuwa nje anatwanga. Nilitoka, nikasimama mbele yake nikingoja. Hakuinua macho kutoka kwenye kinu.

"Shangazi yako akirudia, atakuambia," akasema.

Shangazi hakurudi, alifia huko huko. Mama naye amekufa bila kuniambia. Nilimpenda sana mama yangu, na hilo sijamsamehe.

Ndiyo maana nilipopata kazi ya ualimu hapa Baraka, chini kando ya ziwa, niliapa kwamba hakuna msichana atakayepita mikononi mwangu akiwa gizani. Sikuwa na kitabu wala mtu wa kuniongoza. Nilikata vitenge vyangu mwenyewe, nikanunua chupi sokoni, na nikajifunza kutamka maneno hayo mbele ya watoto bila kutazama dari. Mwaka ule ule baba mmoja, mtu mkubwa kanisani kwake, alikuja shuleni amevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne.

"Madame, we unafungulaka batoto betu macho mbele ya wakati," akaniambia mlangoni pa darasa, kila mtu anasikia.

Nilimjibu kwamba damu ya binti yake haitampigia hodi kwanza kuomba ruhusa. Walimu wenzangu walilicheka jibu hilo kwa wiki nzima, lakini mkurugenzi wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema na mwoga, na mara nyingi hayo mawili yanatembea pamoja.

"Endelea na ile kazi, Madame, lakini kimya-kimya," akasema. "Sitaki bababa ba batoto baingie tena mu bureau yangu."

Basi nikaweka sheria. Kila Ijumaa ile, kabla sijafungua mlango, niliwaapisha wasichana kwamba kilichosemwa humu kinabaki humu. Asiyekuwamo ndani asiambiwe. Waliweka mikono juu ya lile beseni, wakaapa, na walipenda sana, maana mtoto anapenda siri kuliko sukari. Hakuna baba aliyerudi tena na koti lake. Nilijiona mjanja.

Binti yangu alipofika darasa la sita, shule yetu ilikuwa na darasa la sita moja tu, langu. Aliketi dawati la pili, karibu na dirisha. Alikuwa wa kwanza darasani, na si kwa upendeleo. Madaftari yake niliyasahihisha kwa ukali kuliko ya wenzake ili pasiwe na maneno. Jambo moja lilikuwa linanichekesha. Hakuweza kuniita Madame kama wengine, na kuniita mama mbele yao aliona haya. Basi alikuwa anainua mkono tu na kungoja nimwone. Mwaka mzima hakuniita chochote.

Ijumaa ya kwanza ilipofika, nilipanga vitambaa vyangu, nikainua macho, nikamwona. Alikuwa ameweka mikono juu ya dawati, anangoja kama wenzake. Hapa ndipo ningependa kusema uongo. Mimi niliyemjibu yule baba wa koti, niliyewaondolea woga mabinti wa wenzangu miaka yote ile, sikuweza kuyasema mbele ya wangu. Wazee wa Fizi niliowaacha milimani nikawaona kama wamekaa dawati la nyuma wananitazama. Nikachukua daftari la mahudhurio, nikampa.

"Peleka hii ku bureau," nikamwambia, "kisha usaidie bale benye banafagia."

Akasimama, akatoka pamoja na wavulana.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Kila mara nilikuwa na kisingizio kipya: chaki zimekwisha, mdogo wake ana homa akamwangalie, walimu hawana maji ya kunywa. Ilipofika mara ya nne au ya tano sikuhitaji tena kisingizio. Nikianza tu kufungua mfuko wangu, mwenyewe alisimama na kuchukua ufagio. Wasichana walimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, nami nikajiambia kwamba wanamwonea wivu kwa kupumzika.

Msidhani nilimwacha hivi hivi. Nilifanya kama inavyotakiwa kwetu. Wakati wa likizo ya Pasaka nilinunua kitenge kizuri, cha kijani chenye ndege, nikamtuma nacho kijijini Swima kwa shangazi yake. Wifi yangu, mulamu kama tunavyoitana huku, ni mjane. Anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga wa pale, na kuwaleta kuuza Baraka. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Binti alikaa kwake wiki mbili. Aliporudi alinuka samaki, alikuwa ameongezeka mwili, na alinitazama kama kawaida. Sikumwuliza kitu, mama haulizi. Baadaye nilimwona wifi yangu sokoni amejifunga kitenge kile cha kijani, nikasema moyoni, basi, imekwisha, kazi imefanyika. Nilitembea mwepesi siku ile.

Mwisho wa mwaka ukaja na mtihani wa serikali. Kwa mtoto wangu mtihani ule ulikuwa kila kitu. Baba yake ni seremala wa mitumbwi, na alikuwa ameahidi kwamba akifaulu atakwenda sekondari ya bweni ya wasichana. Kabla hata tarehe haijafika alikuwa amemtengenezea sanduku la mbao, limepigwa msasa vizuri, lina kufuli na ufunguo wake. Binti aliuvaa ufunguo shingoni kwa uzi, hata kuoga alioga nao. Alitaka bweni, kisha uuguzi, na alikuwa ameshawaambia wadogo zake nani atalala kwenye kitanda chake akiondoka.

Walimu hatusimamii mtihani katika shule zetu. Mimi nilipangiwa Fizi. Nilipanda pikipiki siku moja kabla, nikamwachia mtoto sare iliyopigwa pasi, kalamu mbili na sala, nikamkabidhi kwa baba yake.

Huko Fizi, asubuhi ya mtihani kabla ya kengele, nilimkuta msichana mmoja nyuma ya vyoo, amebana mgongo ukutani, hataki kusogea. Sikushangaa. Kila mwaka wa mtihani kuna mmoja, ndiyo maana mfuko wangu hautoki nyumbani bila vitambaa. Nikamfunga kitenge changu kiunoni, nikamwonyesha la kufanya, nikamwambia maneno yangu yale yale: si ugonjwa, si jeraha, si laana.

"Mama yako hakukuambiaka kitu?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa.

"Alikuwa anangojea nini?" nikasema, kwa hasira ya kweli, kana kwamba mwanamke yule alikuwa amesimama pale mbele yangu.

Msichana aliingia, akaandika mtihani wake mpaka mwisho. Mimi nilirudi Baraka alasiri nyuma ya pikipiki, vumbi mdomoni, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kuliko inavyoruhusiwa.

Mlangoni kwangu alikuwa amekaa jirani yetu, mama anayefua nguo za watu kandokando ya ziwa. Hajui kusoma, barua zake huniletea mimi nimsomee. Aliponiona alisimama taratibu, na kwa namna alivyosimama nikajua kuna jambo.

"Mutoto wako iko ndani, amelala," akasema. "Nilimukuta mu maji asubui, na nguo ya shule, ameikala mu maji mupaka hapa." Akaonyesha kifua chake. "Nikamuuliza, uko unafanya nini humu? Anasema damu inakataa kuisha, anangoja maji iiondoshe. Anasema anakufa."

Yeye akaendelea polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Nikamuambia hakuna mwenye anakufaka na ile. Ile iko ya banamuke bote, itarudia kila mwezi, mi niko nayo, mama yako iko nayo. Nikamufulia jupe yake, nikamupatia kitambara. Njo vile tu." Kisha akaniangalia, bila ubaya wowote, na ningependa angekuwa na ubaya. "Madame, mi nilizani we njo unafundishaka ile."

Maneno machache, aliyoyasema mikono yake ikiwa kwenye povu. Kazi niliyokuwa nimeikimbia mwaka mzima, yeye aliimaliza kabla sketi ya mtoto haijakauka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, wanafunzi wainakili na waogope. Wote tunaisoma kama onyo kwa mtoto. Siku ile niliisoma kama barua iliyoletwa kwangu.

Niliingia ndani. Alikuwa amegeukia ukuta, amejifunika kitenge cha jirani, na macho yake alikuwa ameyafumba kwa nguvu kama mtoto mdogo anayejifanya amelala. Nilijua maneno yote ya kusema. Nilikuwa nimeyasema asubuhi ile ile kwa mtoto nisiyemjua. Nikatoka nje kuwasha moto.

Yaliyotokea niliyaunganisha baadaye, kipande kwa kipande. Damu ilianza jioni ile niliyoondoka. Nyumbani alikuwapo baba yake na wadogo zake wa kiume, angemwambia nani? Alitoboa godoro lake upande wa ukutani, akachomoa sponji, akaitumia. Tundu hilo nililikuta nilipokuwa nabadili shuka, kubwa kama ngumi. Miaka yote nawaambia wasichana kwamba sponji ya godoro inachubua na kuleta ugonjwa. Wasichana wote wa darasa langu walikuwa wanajua hilo, isipokuwa mmoja.

Asubuhi alikwenda kwenye mtihani. Aliandika nusu ya karatasi ya kwanza. Aliposimama kuomba karatasi ya kufanyia hesabu, sketi ilikuwa imelowa nyuma, na mvulana mmoja wa shule nyingine akapiga mluzi. Akaweka kalamu chini, akatoka, akapita lango, akashuka moja kwa moja ziwani. Msimamizi aliandika kwamba ameacha mtihani. Hakukuwa na uongo katika maandishi hayo.

Dawati la nyuma yake, katika chumba cha mtihani, aliketi rafiki yake, ambaye walikuwa wanakaa pamoja darasani kwangu. Nilimfuata sokoni, mahali mama yake anapouza unga wa muhogo, nikamvuta kando.

"Uliona?" nikamwuliza.

"Niliona, Madame."

"Ulikuwa na sweta ya kumfunga kiunoni. Na ulijua ni nini."

Akaanza kulia. "Madame, ulituapisha. Ulisema mwenye hakuwa mule ndani asiambiwe. Hata kabla ya pale alikuwa anatuulizaka, mulisema nini leo, na sisi tulikuwa tunanyamaza."

Hivyo mtoto wangu alikuwa akiuliza. Mwaka mzima alikuwa akitoka nje na ufagio, kisha jioni anawauliza wenzake mama yake amesema nini, na wenzake wanamfungia midomo kwa amri ya mama huyo huyo. Nikamfuta msichana machozi, nikamwambia arudi kwa mama yake. Sikuwa na la kumlaumu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, alishika kila nilichomfundisha.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Swima. Niliibeba hasira yangu kwa uangalifu njia nzima isimwagike, maana mtu mwenye wa kumlaumu hana haja ya kujitazama. Wifi yangu nilimkuta ameinama anageuza ndagala kwenye mchanga. Sikumsalimu.

"Nilikutumia kitenge, mulamu," nikasema.

"Ulinitumia, na nilikivaa." Hakusimama. "Nilizani iko ya asante, juu ya kumulisha mutoto."

"Ulijua ile kitenge iko ya nini."

Akamaliza kwanza mstari aliokuwa anaugeuza. Kisha akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Nilijua. Lakini ningemuambia nini, mulamu? We unafundishaka batoto ba Baraka yote na tableau na chaki. Nikasema, huyu mutoto wa Madame anajua kunipita. Nikianza naye maneno yangu ya zamani, atanicheka sawa vile mama yake alinichekaka."

Nikakumbuka. Miaka miwili nyuma, nyumbani kwangu, mbele ya wageni, wifi yangu alisema kwamba mwanamke aliye mwezini hakanyagi nyavu za wavuvi, samaki watakimbia. Nikamwuliza samaki wanayajuaje hayo, wana kalenda? Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa na haki, na leo bado nasema nilikuwa na haki. Lakini siku ile nilimnyamazisha, na baadaye nikamtumia mtoto wangu ili amfungulie kinywa kile nilichokifunga.

Alinifungia ndagala kwenye mfuko, kwa sababu ni mtu wa heshima na mgeni haondoki mikono mitupu. Nilirudi nao magotini, nikiwa sina tena wa kumkasirikia.

Nyumbani nilimkuta binti uani anachagua maharagwe. Nikaketi karibu naye, nikachota konzi moja, nami nikaanza kuchagua. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Yeye akanitangulia.

"Mama," akasema, macho kwenye ungo, "siku ya tano, wakati ulikuwa unanitumaka inje, mulikuwa munasema nini mu classe?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi. Alikuwa anajua jibu. Alitaka tu litoke kwenye kinywa changu.

"Tulikuwa tunasema juu ya ile damu," nikamjibu.

"Ku bote?"

"Ku bote."

"Mi peke njo nilikuwa inje."

Nikasema ndiyo. Halafu nikaanza kujieleza. Nilimweleza kazi ya shangazi, na wazee, na heshima kati ya mama na mtoto. Nilimweleza kitenge cha kijani. Nilimweleza hata asubuhi ile ya Fizi, vile vipande sita juu ya mkeka, na nyanya yake aliyekataa kuinua macho kwenye kinu. Hiyo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote, na nilidhani itatuunganisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtoto mwenye adabu. Mikono yake haikuacha kuchagua.

"Na ile koko alikufanyiaka," akauliza, akimtaja nyanya yake, "ilikuumizaka?"

"Iliniumiza sana, mutoto wangu. Na leo inaniuma."

"Basi ulikuwa unajua," akasema.

Akapeta ungo mara mbili, akapuliza makapi, akaingia jikoni na maharagwe yake.

Bweni hakwenda. Sanduku lile linakaa chini ya kitanda chake. Mwanzoni baba yake alitaka kuwekea unga, yeye akakataa. Ndani anaweka vitambaa vyake, na ufunguo bado uko shingoni. Anajifulia na kujianikia mwenyewe, saa ambayo mimi nipo shuleni au sokoni. Nikimwona ameshika tumbo, anasema ni njaa. Nilimnunulia sabuni nzuri na vitambaa vipya, nikaviweka juu ya kitanda chake, na nilikuwa nimeshatoka chumbani ndipo nikatambua nimefanya nini: nimeviweka vimekunjwa vizuri, bila neno. Jioni nilivikuta vimerudishwa juu ya kitanda changu. Sabuni ikimwisha, anakwenda kwa jirani mfuaji. Nawasikia wakizungumza huko nyuma ya ua, na wakati mwingine anacheka, kicheko cha kweli. Nikitokea, wanasalimia vizuri wote wawili.

Mwezi wa tisa alirudi darasani kwangu kurudia mwaka, dawati lile lile la pili karibu na dirisha, wenzake wakiwa wameshakwenda. Hakulalamika. Aliinua mkono na kungoja nimwone, kama zamani.

Ijumaa ya kwanza ilipokaribia sikulala vizuri. Nilikwenda kwa mkurugenzi nikamwambia kwamba kuanzia mwaka huu hakuna kuapa, na baba mwenye koti akija, aletwe kwangu. Akapangusa miwani yake, akasema sawa, Madame. Nilikuwa nimeamua. Binti yangu atabaki ndani, atakaa mbele yangu, nitasema yote kwa kinywa changu nikimtazama usoni, na wazee wa Fizi wakitaka wafe mara ya pili.

Siku ikafika. Nilitoa vitambaa, chupi, sabuni, beseni. Wavulana wakachukua mafagio, wakaanza kusukumana mlangoni. Naye akasimama.

"Baki," nikamwambia.

Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Wasichana wote waligeuka kumtazama. Kwa mara ya kwanza tangu awe mwanafunzi wangu, aliniita darasani.

"Madame, mi nilishajua," akasema, kwa heshima kamili. Akachukua ufagio uliobaki, akatoka, akavuta mlango nyuma yake bila kuubamiza.

Nikasogeza dawati mlangoni. Nikapanga vitambaa upya ingawa vilikuwa vimepangwa. Sikuwaapisha, niliwaambia kwamba kila watakachosikia leo wakamwambie dada, mdogo, jirani, yeyote asiyekuwamo. Kisha nikaanza. Damu hii si ugonjwa, nikasema. Chini ya dirisha ufagio ulikuwa unapita polepole, nikajua ni wake, maana wavulana hufagia kwa kurusha vumbi tu. Nikapandisha sauti. Si jeraha, nikasema, nikilitazama dirisha, na si laana. Ufagio ukasimama kidogo, halafu nikausikia umehamia upande wa pili wa uwanja.